Kabla Mwanamume Hajafunga Uzazi
Mimi na mke wangu tuliporidhika na watoto tuliojaliwa, niliamua kufunga uzazi mimi mwenyewe, kwa kuwa yeye alikuwa amevumilia sindano na vidonge kwa miaka mingi. Jambo ambalo ningependa kila mwanamume alifahamu mapema ni kwamba upasuaji huu wa kukata mirija inayopitisha mbegu za kiume hauzuii mimba siku hiyo hiyo: mbegu zilizokwisha kupita sehemu iliyokatwa hubaki ndani ya mirija, na ndiyo maana tuliendelea kutumia kondomu kwa takriban miezi 3, hadi maabara ilipothibitisha kuwa shahawa hazina mbegu tena. Wapo wasiorudi kupimwa, nami naona huo ni uzembe wa hatari. Korodani haziondolewi, homoni za kiume huendelea kuzalishwa kama kawaida, na hamu yangu haikupungua. Ganzi huchomwa mahali pale tu, na kwa kawaida kazi huisha ndani ya nusu saa. Uvimbe na maumivu yaliyofuata yalitulia kwa mapumziko na chupi ya kubana. Kuiunganisha mirija baadaye ni kazi ngumu isiyo na uhakika wa kufanikiwa, kwa hiyo anayesitasita asubiri kwanza, azungumze na mwenzake. Kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, upasuaji huu hautoi kabisa.