Tulivyokwama Mkata tukienda Tanga

Harusi niliyoiendea Tanga ilikwenda vizuri na sina la kuisimulia, isipokuwa gesti ya Ngamiani ilinitoza bei ya hoteli kwa chumba chenye feni ya kupiga kelele tu. Ninaloandika ni la njiani.

Konda aliniapia kwamba gari lina kiyoyozi. Kilipuliza vumbi hadi Chalinze, kikazima. Tulipofika Mkata rejeta ikachemka, dereva akasema dakika 10, na tukakaa hadi kivuli cha mwembe kikahamia upande wa pili. Soda ya moto waliuza kwa bei ya baridi.

Chini ya mwembe alikaa mama mmoja na mwanawe, wanarudi Muheza kutoka kliniki Dar es Salaam. Mtoto mchangamfu, anawataja wachezaji wa Coastal Union mmoja mmoja. Mama alipomwita aje ale, nikaona anavyoinuka: aligeuka akaweka viganja na magoti chini, akanyanyua kiuno, kisha mkono gotini, wa pili gotini, akajisukuma kwa kupandisha mikono mapajani hadi akasimama. Vigimbi vimejaa kama vya beki, nguvu hamna.

"Duchenne," mama akasema, akilitamka bila kusita. Misuli inakwisha taratibu kwa kukosa protini inayoilinda. Huwapata zaidi wavulana, na mama anaweza kuibeba jeni yake bila kuumwa. Kabla ya kulijua jina hilo aliambiwa polio, akaambiwa wifi yake kamroga mtoto, mbuzi wakaenda kwa mganga. Sasa mtoto anameza steroidi ili miguu imbebe muda zaidi. Kipimo cha jeni ameambiwa sampuli ivuke bahari. Alinitajia bei, nikaangalia pembeni, nikasema serikali ingetenga hela ya utafiti kwa magonjwa adimu kama huu.

Mzee mmoja, bwana afya mstaafu, alikuwa anatusikiliza. "Mwanangu, serikali ina malaria, ina kifua kikuu, ina wajawazito. Ugonjwa wa watoto wawili watatu utatengewaje hela ya utafiti? Hapo Korogwe na kule Bagamoyo ilijaribiwa chanjo ya malaria, na mwaka 2021 WHO ikaipitisha. Huo ndio utafiti."

Nikamwambia, mzee wangu, chanjo ile ni ya kujivunia, lakini mifuko iliyoigharimia sehemu kubwa ilikuwa ya nje, kuanzia kampuni la Uingereza hadi mfuko wa Gates. Mwenye hela ndiye anayechagua ugonjwa. Na hao wawili watatu, nani kawahesabu?

Nilipandisha sauti, nakiri, kwa sababu mimi ni wa Mahenge. Kwetu kuna watoto ambao kichwa kinainama na kuinuka chenyewe, mara nyingi wakiwa mbele ya chakula, baadaye wanaanguka kifafa. Miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Louise Jilek-Aall, aliwaona na kuwaandika. Wenyeji walihofia mashetani, mgonjwa akawekewa sahani yake. Dunia ilishtuka ugonjwa huohuo ulipoonekana Sudan Kusini na Uganda, na watafiti sasa wanauhusisha na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wa kwenye mito. Kati ya daktari yule na jibu hilo kilipita kizazi kizima, na makaburi yake nayajua. Swali lilikuwa la kwetu, tukangoja mgeni aje alijibu.

"Marekani wana hela," mzee akasema.

Wanazo. Lakini sheria yao ya mwaka 1983 iliona kitu cha kawaida kabisa: kampuni halitengenezi dawa isiyo na wateja. Ndiyo maana ugonjwa wenye wagonjwa wasiofika 200,000 nchini kwao ukawekewa ruzuku ya utafiti, nafuu ya kodi na miaka 7 ya kuuza dawa bila mshindani. Sisi soko letu ni dogo zaidi, kwa hiyo kama si serikali hakuna mwingine. NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ipo tangu 1979. Haidai jengo jipya. Inataka fungu lenye jina la magonjwa adimu, lisilohamishwa kila mlipuko ukitokea, la kuanzia daftari la wagonjwa na kipimo cha jeni kinachofanyika hapahapa.

Mzee akauliza daftari litaanza na nani.

"Na huyu," mama akadakia. "Wa pili yuko Maramba, mama yake namjua. Wa tatu na wa nne tulikutana foleni, namba zao ninazo. Na wale wa kwa kaka huyu wa Mahenge mbona hamjawataja? Andika, mzee."

Mzee alitoa kalamu kweli, akaandika nyuma ya tiketi.

Gari lilipowaka konda akaja kudai nauli ya siti ya pili, eti mtoto kanyoosha miguu. Sikupata nafasi ya kusema neno. Mzee aligombana naye tangu Kabuku hadi Muheza, na nauli ile haikulipwa.