Nilivyopata maji matamu maweni, Jambiani, Unguja

Kila niliyemuuliza kuhusu kuchimba kisima alinambia lile lile: leta mashine, toboa mpaka ichoke, maji matamu yako chini kabisa. Si kweli, na ushauri huo unaharibu visima vya watu.

Huku maweni hatuna mto. Masika inyeshe itakavyo, jua likitoka hukuti dimbwi. Jiwe la matumbawe lina matobo, linameza yote. Maji ya mvua yakifika chini yanakuta ya bahari yamekwishapenya, na kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu yake. Ukizidi kushuka unaitafuta chumvi kwa pesa zako. Jirani yangu alitoboa kupita mita 20. Leo maji yake hata chai hayapiki.

Mimi nilianzia pangoni. Watu wanakwenda kuogelea pango la Kuza, lakini hawafikirii kuwa maji ya pangoni ndiyo yale yale ya kisimani, yamejionesha tu. Nyuma ya kiwanja changu lipo pango dogo. Nilisubiri bamvua, bahari ikapwa kabisa, maana maji ya pangoni hupanda na kushuka nayo. Ukipima yamejaa, utachimba kisima kitakachokauka kila bahari ikipwa. Nikateremsha kamba yenye jiwe kutoka mdomo wa pango mpaka kwenye maji. Kisha fundi mmoja akaniazima mpira wake wa levo, ule wa kutia maji ndani na kupimia usawa, tukavuka vichaka kigingi kwa kigingi mpaka kiwanjani. Povu likibaki ndani ya mpira linadanganya, kwa hiyo kila kigingi tuliugonga kwa vidole mpaka likatoka. Kiwanja kikawa juu ya mdomo wa pango kwa kimo cha goti. Hesabu ya kina cha kisima ikatoka mita 7 na kidogo.

Wachimbaji walicheka. Walishuka kwa mtaimbo na nyundo, na maji yakatokea shubiri moja tu kutoka alama yangu. Matamu! Mama alikunywa kikombe kizima palepale.

Tuliongeza kina cha kuzamisha ndoo, basi. Wachimbaji walikula pesa kuliko saruji, lakini haikufika nusu ya mashine. Pampu iwe ndogo, uiwashe kidogo kidogo. Kubwa inavuta chumvi ije juu. Na choo kiwekeni mbali, upande wa bahari, kwa sababu maji ya ardhini yanateremkia huko.