Kopo linalonuka siki

Saa 2 asubuhi nafungua kopo la kwanza na siki inanipiga puani. Nilikulia Tanga, harufu hiyo kwangu ni ya achari. Hapa Chicago, ninapohifadhi filamu za zamani za familia, ni ya filamu inayooza: mkanda wa asetati, aina ya plastiki, ukikaa kwenye joto na unyevu hutoa asidi ileile ya siki, kisha husinyaa na kujikunja. Mvuke wake huharibu na mikanda ya jirani, kwa hiyo nalitenga.

Saa 3 nakagua mkanda mezani, taratibu. Upana milimita 8, urefu futi 50, dakika nne hivi za kutazama. Matundu matatu ya pembeni yamechanika, nayaziba. Projekta siigusi, meno yake yangeutafuna. Skana yetu, mashine ya kuigeuza filamu kuwa ya kidijitali, haina meno.

Ukingoni kampuni ya Kodak iliweka vialama, duara, mraba, pembetatu, kuonyesha mwaka filamu ilipotengenezwa. Tatizo ni kwamba alama hizo hujirudia kila baada ya miaka 20. Hii ni ya 1937 au 1957? Gari lenye mapezi nyuma linajibu: 1957. Hata hivyo huo ni mwaka wa kiwandani tu. Filamu huenda ilikaa kabatini kabla ya kupigwa.

Saa 5 hadi saa 7, skana. Chai.

Saa 8 mchana anafika bibi mwenye kopo. Baba yake alitoka Mississippi kwa treni, mmoja wa Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliohama Kusini mwa Marekani kati ya 1910 na 1970. Alipata kazi, akanunua kamera, akapiga vitu ambavyo wapiga picha wa habari hawakuvijali: keki, nguo za Pasaka, watoto wakisukumana ngazini. Si yeye wa kwanza. Mchungaji Solomon Sir Jones alizunguka Oklahoma na kamera kati ya 1924 na 1928, akaupiga mtaa wa watu weusi wa mji wa Tulsa ukiwa umesimama tena, miaka michache tu baada ya kuchomwa moto mwaka 1921. Bila mikanda yake tungebaki zaidi na picha za majivu.

Filamu haina sauti, kwa hiyo namwekea bibi kinasa sauti na kumwacha aongee. Nilidhani atalia. Wapi! Anabishana na skrini.

“Huyo si shangazi, huyo ni mpangaji. Na hiyo kofia ni ya mama, mpangaji aliiazima hakuirudisha.”

Kila jina analolitaja naliandika na dakika yake. Kuna mvulana mmoja hamjui, nafasi yake naiacha wazi.

Kisha mjomba anatokea, chupa mkononi, akiyumba. Bibi ananyamaza.

“Hiyo isitoke nje, mwanangu.”

Saa 11 jioni najaza fomu: sekunde 40 za mwisho, za kutazamwa na familia peke yake.