Uzoefu wangu: siti skani ya mama na flashi niliyoing'ang'ania

Mama alipoambiwa uvimbe wa ovari unaonekana ni kansa, ghafla ukoo mzima ukawa madaktari. Shangazi: "Apasuliwe tu, mapicha ni kula hela." Mwingine akataka uvimbe utobolewe kwa sindano upimwe, daktari akakataa katakata, eti ukiwa bado haujapasuka ukiutoboa unaweza kumwaga seli tumboni.

Altrasaundi ilishaonyesha uvimbe na maji, kipimo cha damu cha CA-125, kinachopanda kwenye kansa ya ovari, kiko juu sana (kawaida hakizidi 35), ikapigwa siti skani (CT) kuanzia kifua mpaka nyonga. Mama katoka anacheka, ile dawa ya mshipani ya kufanya picha ionekane vizuri ilipoingia alijua kajikojolea, kumbe ni joto lake tu.

Sasa kasheshe. Tukapewa filamu chache na ripoti ya mistari miwili mitatu, na daktari wa upasuaji yuko hospitali nyingine. Kaka yangu, fundi wa kila kitu, akabandika filamu kwenye kioo cha dirisha akazipiga kwa simu moja moja akatuma. Nyingine mpaka soksi zilizoanikwa nje zinaonekana. Daktari akajibu, "Dada, soksi naziona vizuri, tumbo silioni." CD nayo kompyuta yake haina hata pa kuingizia. Nikarudi chumba cha picha nikaomba picha zote, kila kipande, faili zenyewe za DICOM (mfumo wa picha za hospitali) pamoja na programu ya kufungulia, kwenye flashi. Yule wa dirishani ananiuliza, "Ripoti si mnayo?" Nikamwambia, "Kaka, daktari hakati ripoti, anakata tumbo." Akanipa.

Daktari akazungusha mausi, tumbo la mama likawa linapita kipande kwa kipande kama mkate wa slesi. Akanionyesha lile pazia la mafuta mbele ya utumbo limekuwa nene na gumu, vinundu chini ya kiwambo cha kifua juu ya ini, na uvimbe umeshikana na utumbo wa haja kubwa. Hayo yote kwenye ripoti hayamo! Akasema lengo ni kutobakiza uvimbe wowote unaoonekana kwa macho, na kwa hali ile hawezi, kwa hiyo kemo (dawa za kuua kansa) mizunguko 3 kwanza, skani tena, ndio upasuaji. Shangazi alinuna.

Skani ya pili vinundu vya juu ya ini havionekani, ila utumbo bado umeshikana, basi akamwita mapema daktari wa utumbo waingie wote, na mama akaandaliwa kwamba anaweza kuamka na mfuko wa choo tumboni. Hata hivyo siku ya upasuaji walianza kwa kuingiza kamera tumboni, maana chembe za milimita chache juu ya utumbo skani huwa inazipita. Kweli zilikuwepo, wakazitoa zote. Mfuko haukuhitajika.

Hela sitaji, ilitoka mpaka ndugu wakaacha kupokea simu. Na kabla ya ile dawa ya mshipani ya skani hakikisheni figo zimepimwa, na kama mgonjwa ana mzio au anameza metformin (dawa ya kisukari) semeni mapema, msingoje kuulizwa, sisi hatukuulizwa.