Kijapani cha mtaani kwa sikio: kumbukumbu ya mradi

Wiki ya 1. Vipande 40 vya sauti za mazungumzo, sekunde 15 hadi 20 kila kimoja. Sikiliza mara tatu, andika ulichosikia kwa herufi za Kirumi hata kama hakina kichwa wala miguu, ndipo ufungue maandishi. Ukitanguliza maandishi, jicho linalidanganya sikio.

Wiki ya 2. Misimu (*maji* "kweli", *meccha* "sana", *uzai* "kero", *kimoi* "inatia kinyaa") imeshakaa kichwani, lakini mazungumzo bado giza. Tatizo ni sarufi iliyomezwa. *Nani shiten no?* ni "unafanya nini?" Umbo kamili ni *nani o shite iru no*: *o* imedondoka, *i* ya *iru* imedondoka, *ru* imegeuka *n*. Ukitafuta *shiten* kwenye kamusi, hutaipata kwa maana hiyo.

Kadi za kukariri zimepangwa upya, mikato (maumbo yaliyofupishwa) kwanza, misimu baadaye: *-te iru* ("-na-", inaendelea) → *-teru*, *-te shimau* (kumaliza kabisa, au kwa majuto) → *-chau*, *-te oku* (kufanya mapema) → *-toku*, *-nakereba* ("-sipo-") → *-nakya*. Mbele ya kadi ni sauti tu. Nyuma umbo kamili na maana.

*-Nakya* ndiyo msumbufu kuliko zote. Anayesikia *ikanakya* anaidaka *ikana-* na kuamua "siendi". Kumbe ni "nisipoenda…", sentensi imeachwa hewani, na maana yake ni lazima niende.

Wiki ya 4. *Shiteru* ni "anafanya", *shitteru* ni "anajua". Irabu tano za Kijapani hazimsumbui Mswahili, ila hako kakimya kabla ya *t* kanampita. Kupunguza kasi hakusaidii sana, maana kila kitu kinarefuka pamoja. Kinachosaidia ni kusikiliza maneno hayo mawili mfululizo, moja baada ya jingine.

Wiki ya 5. *Yabai*: kadi yenye tafsiri moja imefutwa. Ni "noma" yetu kabisa, ya balaa na ya sifa. Chakula kikiwa *yabai*, tazama uso wa mlaji. Vijana huitamka *yabee*, kama *sugoi* inavyokuwa *sugee*.

Wiki ya 6. *Sō ssu ne*, yaani *sō desu ne*, "ndivyo": *desu* ya adabu imebanwa ikawa *ssu*. Hutumiwa hasa na vijana wa kiume kwa aliyewatangulia kazini au klabuni. Si shikamoo, si mambo, iko katikati. Kwenye usaili wa kazi haifai.

Inayofuata. Faili la lahaja ya Osaka: *wakaranai* ("sielewi") huwa *wakarahen*, *hontō* ("kweli") huwa *honma*. Kadi zake zitakaa kando, zisichanganyike na za Tokyo.