Skrini Iliyozimika Kila Friji Ilipopumzika

Kwa muda wa wiki tatu, skrini ya kompyuta yangu hapa Manyatta, Kisumu, ilikuwa ikizimika kwa sekunde moja au mbili kisha ikarudi yenyewe. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, hivyo kila giza lilinikatiza katikati ya sentensi. Fundi mmoja wa kompyuta mjini aliniambia kwamba skrini imechoka na kunishauri ninunue nyingine. Kabla ya kutoa pesa, niliamua kuandika kwenye daftari saa kamili ya kila tukio.

Baada ya siku mbili daftari lilikuwa limesema mengi. Skrini ilizimika kila baada ya nusu saa hivi wakati wa joto la mchana, na kwa nadra zaidi usiku kulipokuwa na baridi, hata kama sikuwa nimegusa kitu. Nilimwomba binti yangu akae mbele ya kompyuta nami nikaketi jikoni. Friji ilipotoa ule mlio wake mdogo wa kuzima kompresa, yaani mota inayoendesha upoaji wake, alipaza sauti kutoka sebuleni: "Mama, imezimika tena!"

Ilinishangaza kwamba tatizo lilikuja friji inapozima, wala si inapowaka. Mota inapokatiwa umeme ghafla, nguvu iliyohifadhiwa katika koili yake haina pa kwenda, kwa hiyo huruka kama cheche kwenye swichi ya kidhibiti joto. Cheche hiyo hutoa mawimbi ya redio kwa kufumba na kufumbua, mengine yakipita katika nyaya za nyumba na mengine hewani. Waya wa picha uliokuwa ukitoka kwenye kompyuta yangu ulikuwa mrefu, wa bei ya chini na usiokingwa vizuri, basi uliyanasa kama antena, skrini ikapoteza mawasiliano na kulazimika kuyatafuta upya.

Kompyuta na friji zilikuwa zikitumia ekstensheni moja, kosa ambalo wengi wetu tunalo kwa sababu nyumba za kupanga huwa na soketi chache. Nilizitenganisha, nikaweka waya mfupi zaidi wa picha, na kuufunga pete ya feraiti (kipande cheusi cha sumaku kinachozuia mawimbi kama hayo), niliyoitoa kwenye waya wa skrini iliyokufa. Giza likapungua hadi mara moja au mbili kwa siku.

Hata hivyo, kulibaki mngurumo wa chini katika vipokea sauti, na kila nilipogusa ubavu wa chuma wa kompyuta nilihisi mtekenyo kwenye ngozi. Hapo nilimwita fundi wa stima mwenye leseni, kwa maana kufungua soketi yenye volti 240 si kazi ya kujaribia. Alipima kati ya laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, akapata 240 kama inavyotakiwa. Alipopima kati ya laivu na pini ya ardhi, ile inayopaswa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ambapo alitarajia karibu kiasi kile kile, namba ilitangatanga bila kutulia. Pini ilikuwepo, lakini haikuwa imeunganishwa na kitu chochote.

Hilo lilieleza yote mawili. Ndani ya kompyuta mna kapasita ndogo ambazo kazi yake ni kupeleka kelele za umeme ardhini, na pasipo ardhi, kelele hizo hubaki kwenye bati la kompyuta, ambalo huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ila mkono huuhisi, na waya wa sauti huubeba.

Tulitoka nje hadi kwenye mita. Fimbo ya shaba ilikuwa imepigiliwa ardhini vizuri, lakini waya uliopaswa kuishika ulikuwa umekatwa, pengine ukuta ulipopigwa plasta upya, na ncha yake ikaachwa ikining'inia. Fundi alifunga klempu mpya, akapima tena, akaridhika. Mngurumo ulitoweka jioni hiyo, na tangu hapo skrini haijazimika.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba fimbo hiyo moja inahudumia nyumba zote sita za ploti yetu. Nilipomweleza jirani yangu wa mlango wa pili, alinijibu kwa utulivu kwamba pasi yake imekuwa "ikimtetemesha" tangu mwaka jana, naye alidhani pasi zote ziko hivyo. Kesho yake tulikwenda pamoja kwa mwenye nyumba, tukamwomba soketi za kila nyumba zipimwe, na fundi anarudi Jumamosi.