Usingizi wa sindano kwa mjusi wa gramu 60

Hapa Uingereza geko chui, aina ya mjusi, hufugwa majumbani, na wenye nao huniuliza, mimi daktari wa wanyama, mbona kabla ya upasuaji simvutishi gesi ya usingizi tu. Mjusi hubana pumzi muda mrefu, gesi ikachelewa kumwingia. Ndiyo maana naanza na deksimeditomidini na midazolamu, dawa za kutuliza na kulaza, sindano chini ya ngozi.

Kazi kubwa ni hesabu. Kwa kipimo cha miligramu 0.1 kwa kilo, mjusi wa gramu 60 anahitaji miligramu 0.006 za deksimeditomidini. Kutoka kichupa cha miligramu 0.5 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.012: tone lisilosomeka kwenye bomba la sindano! Lazima uizimue kwanza, na kwangu watu wawili huhesabu, kila mmoja kivyake. Nachoma upande wa miguu ya mbele, maana damu ya nyuma huweza kupitia figo au ini kwanza, dawa ikapungua. Halafu joto: akipoa, dawa hukawia kumtoka.

Ukimlaza chali asijigeuze, amelala. Kazi ikiisha namchoma atipamezoli na flumazenili, dawa za kuzima zile mbili za kwanza, aamke. Ila atipamezoli huondoa pia nafuu ya maumivu, kwa hiyo dawa ya maumivu nampa mapema, kabla ya kisu.